Mashine Iliyochaguliwa kwa Sikio

Jumatatu, 2 Machi

Leo mguu wangu umetoboa sakafu ya gari ukagusa ardhi.

Nilikuwa nimeng'oa zulia la nyuma ili nijue unyevu unatoka wapi. Chini yake hapakuwa na bati la kuitwa bati. Palikuwa na kutu iliyolegea kama majani ya chai yaliyokwisha pikwa. Nilitafuta mahali pa kuchuchumaa, nikasikia kitu kikivunjika, na kiatu changu kikawa chini ya gari. Mjukuu wangu Eve alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu. Ana miaka tisa na hana huruma.

"Babu," alisema, "sasa utakuwa ukiliendesha kwa miguu."

Van hii niliinunua Januari kwa ajili yake, kutoka kwa mwenzangu tuliyestaafu naye reli. Kila asubuhi mamake, binti yangu Amondi, humbeba mgongoni kutoka hapa kwetu Kariobangi South hadi barabarani, na kiti hufuata juu ya bodaboda. Eve anakua. Mgongo wa Amondi haukui. Muhula huu mtoto amekosa shule siku kumi na moja, na mwalimu mkuu ameshasema kwamba akikosa hivyo muhula ujao, atarudia darasa. Muhula ujao unafunguliwa tarehe 27 Aprili, katikati ya mvua.

Nina majuma manane.

Ijumaa, 6 Machi

Fundi mmoja alikuja kutazama. Akasema atajaza mashimo kwa magazeti na pati, apake rangi juu, "na hata wewe mwenyewe hutajua." Nilimshukuru nikamfungulia geti.

Nitafanya mwenyewe. Miaka thelathini na mitatu niliandika hati za mizigo, na dirisha la ofisi yangu lilitazama karakana. Kila siku niliona ule mwanga wa buluu wa wachomeleaji, kila siku nikaambiwa nisiutazame, na kila siku niliutazama. Nilikuwa karani nikimwonea wivu mtu aliyelala chini ya behewa.

Video za kwenye simu zinasema kwa bati jembamba la gari inahitajika mashine ya MIG. Badala ya kijiti kinachopungua mkononi, waya hujitoa wenyewe kwenye mdomo wa bunduki na kuyeyuka pale unapoelekeza. Wanafanya ionekane kama kupaka siagi kwenye mkate.

Jumanne, 10 Machi

Nimenunua. Nilienda mjini, duka la kwanza, nikaulizwa ninataka ipi, nikaonyesha nyekundu. Ni ndogo, inabebeka kama mfuko wa unga, na haihitaji mtungi wa gesi. Ubavuni imeandikwa 250 kwa herufi kubwa. Muuzaji alisema inachoma chochote. Amondi aliitazama akauliza, "Na wewe je, itakuchoma?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 14 Machi

Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya bodi za magari, na mwenyewe ni mama mmoja anayeitwa Nasambu. Nimemwona miaka mingi bila kumwona: ovaroli ya buluu, leso kichwani, kicheko kinachofika hadi sebuleni kwangu. Leo, nikiwa katika kipande changu cha tatu, alivuka barabara.

"Habari ya asubuhi, mzee. Samahani. Hiyo sauti ya mashine yako inanisumbua."

Nilidhani analalamikia kelele. Nikamwambia nitafunga mapema.

"Si kelele. Inakohoa." Aliomba nyundo. Akagonga mara moja kipande nilichokuwa nimekiunganisha, kikaachana kama biskuti. "Unaona? Hii imekaa juu ya bati kama mavi ya njiwa. Haijaingia ndani. Irudishe dukani, ukiweza."

Nilimwambia, kwa heshima, kwamba ninajifunza. Alisema sawa, akarudi kwake.

Mama huyu ana maneno. Na bila shaka angependa kazi hii aifanye yeye.

Jumanne, 17 Machi

Mvua ya kwanza. Mabati ya kibanda changu yanavuja mahali pawili.

Jumatano, 18 Machi

Mvua.

Jumamosi, 21 Machi

Nimeelewa tabia ya mashine. Nikiipandisha nguvu, inatoboa bati. Nikiishusha, haitoboi, na mshono unakaa vizuri juu. Basi ninaishusha. Nikishamaliza napitisha grinda, panalainika kabisa. Nimeziba matundu sita.

Jumamosi, 28 Machi

Sakafu imekwisha na nimeipaka rangi ya kijivu. Leo nimechomelea pete nne za chuma, zile ambazo mikanda ya kiti cha Eve itafungwa ili kisiondoke mahali pake. Nimempelekea picha mke wangu Anyango, aliyeko nyumbani Ugenya kwa kilimo. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti: "Ooko, kumbe hizo hati za mizigo zilikuwa zinakupotezea wakati."

Nimeusikiliza mara tatu.

Jumapili, 29 Machi

Nitaandika yote, nisije kesho nikajipunguzia.

Baada ya ibada mvua ilikuwa imekatika. Nilimwambia Amondi twende mzunguko mfupi, hadi mtaa wa Baba Dogo na kurudi, Eve alionje gari lake. Amondi aliuliza, "Baba, umezijaribu hizo pete?" Nilimjibu kwamba nimezivuta kwa mikono yangu miwili. Tulimpandisha Eve kwa ubao, tukafunga mikanda minne kwenye pete nne. Amondi akaketi kando yake. Eve alikuwa anapungia mkono watu asiowajua.

Nilikuwa naenda polepole. Mbele ya kiwanda kimoja, mkokoteni wa mitungi ya maji ulichomoka kwenye kichochoro. Nilikanyaga breki, gari likasimama palepale. Nyuma yangu nikasikia pete zikitoka, mbili, moja baada ya nyingine, kama vifungo vya shati. Kiti kizima kikaja mbele. Amondi alirusha mkono akakidaka, lakini kidevu cha Eve kilikuwa kimeshafika kwenye chuma cha kiti changu.

Damu nyingi kwa kidonda kidogo. Tulikimbilia kliniki iliyokuwa karibu. Nyuzi nne. Eve hakulia mpaka alipoiona sindano, na hata hapo alilia kidogo tu, akiwa amemshika mamake kola. Nilisimama mlangoni na koti lake mkononi.

Amondi alipotoka hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu.

"Baba," alisema, "nikimbeba mgongoni hajawahi kuanguka. Hata siku moja."

Walirudi kwa teksi. Mimi nikarudi na gari peke yangu, nikapiga magoti pale nyuma na kutazama. Pete mbili zilikuwa zimelala sakafuni. Mahali zilipokuwa, chini ya rangi yangu nzuri, bati lilikuwa linang'aa. Halikuwa limeyeyuka hata kidogo. Lilikuwa limeguswa tu.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Amondi ameniwekea chai mezani akaondoka kwenda kwenye cherehani yake sokoni kabla sijaketi.

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Eve, akiwa na bandeji kidevuni, ameniambia: "Babu, gari lako lina breki nzuri sana. Hizo vitu zingine ndizo bado."

Jumatano, 1 Aprili

Nilivuka barabara. Nilipanga maneno njiani, na njia yenyewe ni hatua ishirini, kwa hiyo nilifika sijamaliza kuyapanga.

Nasambu alikuwa anapiga msasa mlango wa teksi kwa grinda. Nilimweleza kila kitu, hata ile ya kupaka rangi juu. Alizima grinda. Nilisubiri aseme kwamba aliniambia.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza.

Nikamwambia nyuzi nne. Akafumba macho kidogo, akachukua tochi, akavuka nami. Alilala chini ya van, matopeni, kwa mgongo, dakika ishirini nzima. Nilimsikia tu akigonga hapa na pale na mpini wa bisibisi. Alipotoka alisema, "Kutu umeikata vizuri. Umefika mpaka kwenye chuma kizima. Hiyo ndiyo kazi ambayo wengi wanaikwepa."

Sikutarajia sifa leo.

Kisha alikata mshono wangu mmoja kwa grinda, akanionyesha ule mkato. "Unaona huu mstari mweusi katikati? Hapa bado ni mabati mawili. Yakishikana kweli, mstari haupo. Ni kitu kimoja." Akaashiria pete. "Na pete, mzee, hata zingeshika, ulizishonea kwenye bati la sakafu. Hilo ni kama karatasi. Pete ya kuzuia mtu inashikwa na mhimili wa gari, huku chini."

"Nifanyie wewe," nilimwambia. "Nitakulipa."

"Naweza. Lakini kutu itarudi mwaka kesho, na mwaka unaofuata. Unataka kuniita kila mara, ama unataka kujua?"

Nina miaka sitini na mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Nataka kujua."

"Basi tuanze na mashine. Na usinunue chochote kabla sijauona umeme wako."

Ijumaa, 3 Aprili. Ijumaa Kuu

Fundi alikuja na kipimo saa nne asubuhi, akakichomeka kwenye soketi yangu: volti 236. Akarudi saa moja jioni, majirani wote wa ghorofa wakipika na kupasha maji ya kuoga: 187. Alinionyesha kama daktari anavyoonyesha joto la mgonjwa.

"Ile nyekundu ikipewa hii, inalala. Ndiyo maana ilikuwa inakohoa, hata Jumamosi asubuhi, watu wakiwa nyumbani wote. Tutafanya kazi saa nne hadi saa nane, siku za wiki. Na tutatafuta mashine isiyosinzia."

Nimeona kwamba hapo juu Nasambu nimemwandika "fundi". Na iwe hivyo.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Nilimkaribisha chai baada ya ibada. Amondi alikuwa nyumbani, na nilikuwa na hofu.

"Wewe ndiwe ulimwambia baba mashine ni mbaya?" Amondi aliuliza.

"Sikusema ni mbaya. Kwa geti ni sawa, chuma ni nene. Nilisema haijaingia."

"Na hakusikia."

"Hakusikia."

Wote wawili wakanitazama. Nikaenda kuongeza maji ya chai.

Nikiwa jikoni nilimsikia akimsimulia Amondi maisha yake. Alitoka Bungoma akiwa na miaka ishirini, akawa anauza chapati na maharagwe kwa mafundi wa Kariobangi. Alikuwa akikusanya sahani taratibu ili apate kutazama. Siku moja fundi mmoja aliugua, gari la mteja limekatwa nusu, yeye akasema, "Nipe hiyo bunduki, najua anachofanya." Walimcheka mpaka akamaliza. Ni miaka kumi na sita sasa. Kila mwaka mvua ikikatika, huwapigia simu watu aliowafanyia sakafu, huingia chini ya magari yao na kutazama kazi yake kama imeshika. Hatozi. "Nikikuta mahali pamefunguka, narudia," alisema. "Afadhali nipakute mimi kuliko pamkute mtu barabarani."

Amondi alimwongezea andazi. Mimi sijawahi kuirudia hati ya mzigo niliyoiandika mwaka uliopita kuona kama ilikuwa sahihi.

Jumanne, 7 Aprili

Tumeenda dukani kwa Dubow, anayeuza vifaa upande wa karakana za Kariobangi. Ni kijana mpole mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na alipomwona Nasambu akiingia aliacha simu yake mezani. Wauzaji hawafanyi hivyo kwa kila mtu.

"Fundi, niaje? Leo unanitesa na nini?"

"Mzee anataka MIG. Bati la gari, jembamba, na mihimili kidogo. Nyumbani, umeme wa kawaida."

Dubow alitoa kubwa ya buluu yenye kioo cha namba zinazowaka. Nilivutiwa papo hapo. Ina taa sita. Nasambu hakutazama taa hata moja. Aliizungusha.

"Namba ya ubavuni ni ya kuuza," aliniambia. "Ya kazi iko nyuma." Nyuma palikuwa na kibati kidogo chenye maandishi ya sisimizi. Alinisomesha mwenyewe, kwa kidole: kwa nguvu ile kubwa iliyoandikwa ubavuni, mashine hiyo inachoma dakika moja na nusu tu katika kila kumi, kisha lazima ipoe. "Na wewe hutaki kubwa. Uliza ndogo. Inashuka mpaka wapi bila kuzima? Bati lako ni jembamba kuliko kadi ya benki. Kazi yako yote iko chini huko."

Akafungua mlango wa ubavuni, pale waya unapokaa. Vigurudumu vinavyousukuma waya vilikuwa vya plastiki. Alivigusa kwa ukucha, akafunga mlango.

"Dubow, bunduki ya hii ikifa?"

Dubow alikuna ndevu. "Hiyo imefungwa kwa ndani. Naagiza. Miezi miwili, mitatu."

"Na ile?"

Alionyesha ya kijivu, chini ya rafu, isiyo na taa ila moja ya kijani. Vigurudumu vyake ni vya chuma. Bunduki yake inafunguliwa kwa mkono na kutolewa, na Dubow alisema nyingine ya aina hiyo ipo kila duka kuanzia pale hadi Gikomba. Inatumia gesi ya mtungi, na inachukua hata waya mwembamba kabisa. Namba ya ubavuni ni ndogo kuliko ya ile nyekundu yangu. Niliona haya kidogo kwa niaba yake.

"Niwaambie ukweli," Dubow alisema. "Ya buluu inanipa faida. Ya kijivu hairudi dukani."

Nilikuwa tayari kulipa. Nasambu akanishika mkono. "Hapa umeme ni mzuri, mzee. Hapa zote zitaimba. Twende tukazisikie kwako."

Na Dubow, maskini, akakubali.

Alhamisi, 9 Aprili

Hii siku nataka niikumbuke vizuri.

Dubow alizileta zote mbili, na mtungi wa gesi, kwa pikapu yake saa kumi na mbili jioni. Nasambu aliichagua saa hiyo makusudi, umeme ukiwa umechoka. Mvua ilikuwa imepumzika. Alikata mlango wa zamani wa van, ule niliouweka kando, vipande vidogo vya ukubwa wa kiganja. "Tusijaribu kwa chuma cha duka," alisema. "Tujaribu kwa chuma chako."

Tulianza na ya buluu. Fundi alivaa kofia ya kuchomelea, ile inayofunika uso, akavuta kifyatulio. Mwanzo ilikwenda. Kisha jirani wa juu akawasha maji ya kuoga, taa ya barazani ikafifia, na mashine ikaanza kutema: pa, pa, papa. Kioo chenye namba kilizimika kikawaka tena. Nasambu aliinua kofia, akamtazama Dubow.

Akaiunganisha ya kijivu. Alirekebisha kidogo, akasikiliza, akarekebisha tena. Na mara sauti ikatulia, ikawa moja, laini, mfululizo, kama dagaa wakikaangwa kwenye mafuta ya kutosha. Taa ya barazani ilififia tena. Sauti haikubadilika.

"Umesikia?" aliniuliza kutoka ndani ya kofia.

"Nimesikia."

"Fumba macho usikie vizuri. Macho yanapenda mwanga. Sikio ndilo linajua kama inaingia."

Nilifumba macho. Miaka thelathini na mitatu nilikuwa nautazama ule mwanga, kumbe kazi yenyewe ilikuwa kwenye sauti.

Kipande kilipopoa alikibana kwenye vaisi, akanipa nyundo. Nilipiga. Bati lilipinda. Nikapiga tena, likajikunja kabisa, likachanika pembeni, kwenye bati lenyewe. Mshono ulibaki mzima. Amondi alikuwa amesimama mlangoni na Eve. Alikuja, akachukua kile kipande, akapitisha kidole juu ya mshono, akageuza akatazama upande wa pili, kama anavyokagua pindo la sketi ya shule.

"Huku nyuma pia umetokea," alisema.

"Ndiyo," Nasambu alijibu. "Umeingia."

Dubow aliiacha ya kijivu, akaondoka na ya buluu. Alituambia kwaheri kwa sauti ya mtu aliyepoteza mchezo mzuri.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Nimeng'oa kazi yangu yote ya Machi. Inauma kidogo, lakini inatoka kwa urahisi.

Jumatatu, 13 Aprili

Saa nne hadi saa nane. Nasambu hakunipa gari. Alinipa mabati chakavu na kuniambia nichome mistari hamsini. Akipita kutoka kwake ananiambia moja tu kila mara: karibia zaidi, punguza mwendo, usimwage yote mahali pamoja, rukia upande ule pakipata moto. Upepo ulipovuma mshono ulijaa matundu kama mkate. "Gesi imepeperushwa," alisema, akafunga turubai upande wa magharibi.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Mistari arobaini.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Maji yalifika kwenye kibanda. Fundi aliingia, akachomoa plagi kabla hajasema habari. Nimekemewa kama mtoto, na nilistahili.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo sauti imetulia mikononi mwangu. Haikuchukua hata nusu dakika, lakini ilitulia. Kule ng'ambo Nasambu alikuwa anaongea na mteja. Nilimwona akinyamaza, akageuza kichwa huku kwangu, akainua kidole gumba, kisha akaendelea kuongea.

Jumatatu, 20 Aprili

Sakafu imekwisha. Tumeifunga pamoja na Nasambu, yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia. Ukiitazama unajua upande wa nani ni upi. Wangu una milima. Lakini amekata vipande vya majaribio vya pande zote mbili, na mstari mweusi haupo popote. Alisema hatutapaka rangi mpaka Amondi atazame.

Jumatano, 22 Aprili

Pete. Kila moja imekaa juu ya bamba nene, bamba limeshikana na mhimili, na boliti mbili zimepita mpaka chini. Nilidhani Nasambu atazichoma mwenyewe. Akanipa bunduki.

"Hizi ni zako," alisema. Akakaa juu ya ndoo karibu yangu, amefumba macho, anasikiliza. Kwenye pete ya tatu alisema, "Simama. Rudia hiyo." Sikuona kosa lolote. Tulipoikata tukaliona.

Alhamisi, 23 Aprili

Amondi amelala chini ya gari na tochi. Ametazama kila mshono. Amesema, "Ni kazi safi, baba." Kisha akasema Eve hatapanda.

Sikubishana. Pete za kwanza nazo nilisema zimeshika.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Eve ameandaa mkoba wa shule, ameufungua, ameuandaa tena. Nimemweleza Nasambu alivyosema Amondi. Alifikiri kidogo, akaniambia niwe tayari kesho saa nane.

Jumapili, 26 Aprili

Nasambu alikuja amevaa nguo ya kanisani, ya manjano, na viatu vya kufunga. Alimwomba Eve amwazime kiti chake. Eve alimtazama juu na chini. "Usikivunje," akamwambia, akahamia kwenye sofa.

Tulikwenda ile barabara ya viwanda ya Baba Dogo, ambayo Jumapili haina malori. Amondi alikaa mbele nami. Nyuma, Nasambu aliketi kwenye kiti cha Eve, magoti yakimfika karibu kifuani, akafunga mikanda minne kwenye pete zangu nne, na wa tano kifuani.

"Sasa, mzee. Nenda mbio ya kawaida, halafu nikikuambia, kanyaga breki yote."

Nilikataa. Nilimwambia tutaweka magunia ya mchanga, tutaweka mawe, tutaweka chochote.

"Gunia haliwezi kumwambia Amondi lilivyosikia," alijibu. "Nilikusikiliza ukizichoma. Nenda."

Nikaenda. Mwendo wa hamsini. Mvua nyepesi ilianza. Nilikuwa nikiomba kwa Kijaluo, jambo ambalo silifanyi isipokuwa mambo yamekuwa makubwa.

"Sasa!"

Nilikanyaga. Gari lilipiga kelele, pua ikainama, mkoba wa Amondi ukaruka ukagonga kioo. Sikutaka kugeuka. Amondi ndiye aliyegeuka.

"Tena," Nasambu alisema nyuma yangu.

Tulirudia. Kisha mara ya tatu, kwa sitini. Kiti hakikusogea hata upana wa kidole. Fundi alikuwa amekunja mikono kwenye mapaja, leso imemteleza hadi kwenye nyusi, na anacheka kile kicheko chake kinachovuka barabara.

Amondi alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Nilidhani anakwenda kumfungua mikanda.

"Toka," alimwambia. "Sasa mimi."

Nikakanyaga breki binti yangu akiwa nyuma, kwa hamsini, barabara ikiwa na maji. Nilipogeuka alikuwa amefumba macho na ameshika magurudumu kwa mikono miwili. Akafumbua macho.

"Kesho saa kumi na mbili na nusu, baba," alisema. "Usituchelewesheee." Alivuta neno hilo kama alivyokuwa akifanya akiwa msichana, na ndipo nilipojua kwamba amenisamehe.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua kubwa. Njia yetu yote ilikuwa mto. Tulimpandisha Eve kwa ubao, Amondi akafunga mikanda na kuivuta kila mmoja mara mbili. Eve aliangalia watu waliokuwa wakiruka madimbwi kando ya barabara, akasema, "Pole zao," kwa sauti ya tajiri.

Tulifika kabla ya kengele. Mwalimu wake alikuja na mwavuli, akamsukuma hadi barazani, na Eve hakugeuka hata mara moja kututazama. Amondi alibaki amesimama kwenye mvua, amenyooka kabisa, hajui mikono yake aiweke wapi.

Niliporudi nilivuka moja kwa moja hadi ng'ambo. Nasambu alikuwa chini ya gari la mteja, ikionekana miguu tu.

"Amefika?" aliuliza kutoka chini.

"Amefika. Hajalowa."

"Haya." Mkono ukatokea kando ya gurudumu, kiganja juu. "Nipatie hiyo grinda. Halafu uvae kofia uje huku upande wa pili, kuna mahali nataka unisikilizie."

Nilivua koti, nikaitafuta kofia.